Sera ya Safari za Kikazi Ianze na Uhai, Posho Ifuate

Katika ofisi nyingi, waraka unaohusu safari za wafanyakazi hufunguliwa kwa jedwali la posho. Jedwali hilo hueleza mkurugenzi atalipwa kiasi gani kwa usiku mmoja, afisa kiasi gani na dereva kiasi gani. Baada yake hufuata masharti ya masurufu: yaombwe siku ngapi kabla, yarejeshwe siku ngapi baada ya kurudi, risiti ipi inakubalika na ipi haikubaliki. Masharti hayo ni halali na yana kazi yake. Lakini msomaji akiupekua waraka huo akitafuta jibu la swali dogo, yaani dereva aliyeamka saa 10 alfajiri anatakiwa kuacha usukani saa ngapi, mara nyingi hatalipata. Fedha imewekewa ulinzi wa kurasa kadhaa, na anayesafiri nayo hakutengewa hata aya moja.

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Sera ya safari za kikazi ni waraka wa afya ya kazini kwanza, na wa uhasibu baadaye. Kampuni, shirika, halmashauri au hospitali inayotunga sera hiyo inapaswa kuamua nani anafaa kusafiri, saa ngapi, kwa chombo gani na kwa mapumziko gani, kabla haijaamua atalipwa nini. Mpangilio huo ukigeuzwa, posho yenyewe huwa chanzo cha hatari.

Ukubwa wa hatari hiyo unafahamika. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa mfanyakazi anayetumwa mikoani, barabara ni mahali pa kazi kama ilivyo mashine kwa mfanyakazi wa kiwandani. Sheria za Tanzania zinaelekea huko huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya anaowaajiri, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu ajali inayotokana na kazi na kutokea katika utekelezaji wa kazi hiyo, hata ikiwa imetokea kilomita 800 kutoka mezani kwa mfanyakazi. Hata hivyo, fidia hulipwa baada ya msiba. Sera hutungwa ili msiba usifike.

Posho inayomficha mgonjwa

Jambo la kwanza ambalo watunga sera hulikwepa ni kwamba kwa wafanyakazi wengi posho ya kujikimu imekuwa sehemu ya kipato. Mfanyakazi hulala nyumba ya wageni ya bei nafuu, hula kwa mama lishe, na kiasi anachookoa hulipa ada ya shule au kupandisha ukuta wa nyumba. Hakuna haja ya kumlaumu. Lakini daktari na muuguzi wanapaswa kuelewa matokeo yake: mtu ambaye safari ni kipato chake hatasema kwamba anaumwa.

Waajiri wengi huogopa kwamba wakiruhusu watu kuahirisha safari kwa sababu za afya, wazima watajifanya wagonjwa. Penye posho, hatari kubwa zaidi ni mgonjwa kujifanya mzima. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa hupanda gari akiwa na maumivu ya kichwa. Anayetumia dawa za kifua kikuu huziacha nyumbani kwa kuogopa kuonekana akizimeza mbele ya wenzake. Mjamzito mwenye dalili za hatari hufunga mkanda na kunyamaza. Katika kliniki za magonjwa ya muda mrefu, kauli ya mgonjwa kwamba hakuja tarehe yake kwa sababu alikuwa safarini ni ya kawaida mno, na ni nadra mhudumu kuuliza safari ilikuwa ya nani na kama ingeweza kusogezwa wiki moja.

Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha sera njema kinapaswa kusema kwamba kuahirisha hakumpotezei mtu zamu. Mfanyakazi anayezuiwa na afya asifutwe kwenye orodha ya wanaosafiri. Nafasi yake isogezwe mpaka safari inayofuata inayomfaa. Orodha hiyo iwe ya wazi, ibandikwe ukutani, ili safari zisiwe zawadi ya mkuu wa idara kwa anaowapenda. Na pale ambapo mkutano kwa njia ya video ungetosha, taasisi iwe na ujasiri wa kufuta safari na kukiri kwamba sehemu ya fedha iliyookolewa inastahili kuonekana kwenye mishahara. Hili la mwisho ni gumu, hasa katika utumishi wa umma ambako viwango havipangwi na mkuu wa kituo, lakini kulinyamazia hakulifanyi litoweke.

Kifungu cha pili kihusu siri. Afisa utumishi hahitaji kujua kwamba mfanyakazi ana virusi vya UKIMWI, kifafa au kisukari. Anachohitaji ni mojawapo ya majibu matatu: anafaa kusafiri, hafai kwa sasa, au anafaa kwa masharti. Daktari anayeandika cheti aishie hapo na ayataje masharti tu, kwa mfano kwamba asiendeshe gari, asisafiri usiku, au arejee kabla ya tarehe fulani ya kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na mgonjwa ana haki ya kumkumbusha mhudumu jambo hilo. Mgonjwa akijua kwamba cheti hakitaanika ugonjwa wake, atakuwa na ujasiri wa kukiomba.

Lakini ulinzi usigeuke kuwa ubaguzi. Ipo tabia ya kumwondoa kimya kimya kwenye safari kila anayefahamika kuwa na ugonjwa wa muda mrefu, kwa maneno mazuri ya kumwonea huruma. Mwenye kisukari kinachodhibitiwa vizuri anaweza kusafiri kama mwingine yeyote. Kumnyima safari ni kumnyima mafunzo, uzoefu na kupandishwa cheo, na ni kuwafundisha wenzake kuficha.

Saa za usukani

Anayebeba hatari kubwa kuliko wote ni dereva, naye ndiye asiyeitwa kwenye kikao cha kutunga sera. Utafiti juu ya uchovu umeonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 hali yake hulingana na ya mwenye asilimia 0.10, kiwango kinachovuka kikomo cha kisheria cha dereva katika nchi nyingi. Mkuu wa msafara ambaye hangekubali kuendeshwa na mlevi hukubali kila wiki kuendeshwa na mtu aliyekesha.

Chukua safari ya kawaida ya Dar es Salaam na Dodoma, umbali wa takriban kilomita 450. Dereva anaamka saa 10 alfajiri, anawapitia maofisa majumbani, na kabla ya adhuhuri wamefika. Kikao kinaendelea hadi saa 11 jioni. Muda wote huo dereva yuko maegeshoni, ameinamisha kiti, simu mkononi, akingoja kuitwa. Kisha bosi anatoka na kusema kwamba angependa kulala nyumbani. Safari ya kurudi itakapofika katikati, dereva atakuwa macho kwa zaidi ya saa 16, barabarani kuna malori, na mwili wake uko katika saa ambazo kwa maumbile unadai usingizi. Kungoja ndani ya gari si kupumzika, na sera inapaswa kusema hivyo kwa maandishi.

Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na baadhi ya viongozi wa taasisi wameichukua ruhusa hiyo kama hoja. Hoja hiyo haisimami. Basi la masafa marefu hutakiwa kuwa na dereva wa kubadilishana. Gari la ofisi lina dereva mmoja. Tena, tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa inafika Dodoma, kwa hiyo safari nyingi za njia hiyo hazihitaji gari la ofisi hata kidogo.

Vifungu vinavyohitajika hapa havina fumbo. Gari la taasisi lisiwe barabarani nje ya mji kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, muda ambao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yenyewe inauita usiku. Dereva asizidishe saa 8 za usukani kwa siku, naye apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Umbali unaozidi kiasi hicho, kama Dar es Salaam hadi Mwanza, uwe wa siku mbili au wa madereva wawili. Kila kiti kiwe na mkanda unaofungika, pamoja na viti vya nyuma ambako wakubwa hupenda kukaa bila kuufunga. Posho ya usiku wa ziada ya dereva iidhinishwe bila maswali pale kikao kinapochelewa, kwa kuwa chumba kimoja cha wageni hakiwezi kulinganishwa na gharama ya mazishi moja.

Juu ya yote hayo, dereva apewe mamlaka ya kusimama. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, ambao tangu mwaka 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi, unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa katika hali anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari ya karibu na kubwa kwa uhai au afya yake anapaswa kulindwa asiadhibiwe. Kwa lugha ya barabarani maana yake ni kwamba dereva akisema, "Mheshimiwa, nasinzia, tulale Morogoro," mjadala umefungwa. Waliokulia katika lugha hii wamefundishwa tangu utotoni kwamba kawia ufike. Kilichobaki ni kuiandika hekima hiyo pale ambapo mkuu wa idara hawezi kuipuuza.

Kwenda ni dharura, kurudi si dharura

Wahudumu wa afya watasema kwamba kazi yao haina saa, na ni kweli. Mkunga na dereva wanaondoka kituo cha afya saa 4 usiku wakiwa na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Safari hiyo haiwezi kungoja kupambazuke, na hakuna sera yenye akili itakayoizuia. Saa 7 usiku wanafika hospitali ya rufaa, wanamkabidhi mama, wanasaini daftari. Wakati huo sera inapaswa kuwa nao, na mara nyingi haipo.

Wengi hurudi usiku huo huo. Sababu zao zinaeleweka: kituo kimebaki na muuguzi mmoja, gari ni moja kwa eneo zima, na safari ya dharura haikuombewa masurufu, hivyo hakuna fedha ya malazi. Lakini gari linalorudi ni tupu. Hakuna tena uhai wa mgonjwa unaohesabiwa kwa dakika. Kuna watu wawili waliofanya kazi tangu asubuhi, barabara yenye giza, na mwendo ambao dereva hauhisi kwa sababu akili yake imekwisha kulala. Safari ya kwenda ilikuwa dharura. Ya kurudi si dharura, na haipaswi kuendeshwa kama dharura.

Tiba ya jambo hili haihitaji fedha nyingi. Hospitali ya rufaa itenge chumba chenye vitanda viwili au vitatu kwa ajili ya timu zinazosindikiza wagonjwa. Kituo kiwe na fungu dogo la chakula na malazi linaloweza kutumika kwanza na kuombewa idhini baadaye. Timu iliyofika baada ya saa 4 usiku irudi asubuhi baada ya kulala, isipokuwa pawe na dereva mwingine aliyepumzika. Pengo la gari kwa saa hizo chache linaweza kuzibwa kwa makubaliano na kituo jirani, na kwa upande wa wajawazito na watoto wachanga upo mfumo wa m-mama, unaopokea simu kwa namba 115 na kutumia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mama wa kesho anamhitaji dereva aliye hai na aliye macho.

Sera hiyo hiyo itazame pia ndani ya gari. Muuguzi anayesindikiza mgonjwa mara nyingi huketi kwenye benchi la pembeni bila mkanda, mkono mmoja ukishika chupa ya dripu na mwingine ukishika nguzo. Kuweka mikanda, ndoano za dripu na mikanda ya kitanda cha mgonjwa ni kazi ya fundi wa kawaida. Lisilo la kawaida ni kuliona kama sehemu ya usalama wa kazi.

Mwili wa msafiri

Yapo mambo madogo ya kitabibu ambayo sera inaweza kuyabeba kwa ukurasa mmoja, na ambayo mgonjwa anaweza kuyafuata hata kama mwajiri wake bado hajaandika chochote.

La kwanza ni dawa. Anayetumia dawa kila siku, ziwe za shinikizo la damu, kifafa, kifua kikuu au kufubaza virusi, abebe za siku zote za safari na akiba ya siku kadhaa zaidi, tena ndani ya mkoba wa mkononi na si kwenye buti la basi. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hustahimili takriban wiki nne nje ya jokofu ikiwa joto halizidi nyuzi 30, lakini gari lililofungwa adhuhuri huvuka joto hilo kwa haraka.

La pili ni malaria. Mfanyakazi aliyeishi muda mrefu katika nyanda za baridi kama Makete, au Zanzibar ambako maambukizi ni machache, anapotumwa Geita, Kigoma au Mtwara huenda na kinga ndogo kuliko wenyeji. Apewe chandarua chenye dawa, naye ajue kwamba ugonjwa huanza kwa kawaida wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hivyo homa inaweza kumpata akiwa amekwisha kurudi. Akipata homa apimwe siku hiyo hiyo na amweleze mhudumu alikotoka. Mjamzito na mwenye selimundu wazungumze na daktari kabla ya kuondoka.

La tatu ni kukaa muda mrefu. Kukaa kwa saa nne au zaidi bila kujinyoosha, iwe kwenye basi, gari dogo, treni au ndege, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu. Kwa mtu mzima wa kawaida hatari hiyo bado ni ndogo, lakini si ya kupuuzwa kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito au aliyewahi kuugua hivyo. Kushuka, kutembea kidogo na kunywa maji ni kinga rahisi, na mapumziko ya dereva kila saa mbili huwapa abiria nafasi hiyo.

La nne ni notisi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Anayeambiwa leo kwamba keshokutwa anakwenda Kinshasa, naye hajawahi kuchanjwa, ametumwa bila kinga. Safari ya nje ya nchi itangazwe angalau wiki mbili kabla.

La tano ni uzazi. Sheria ya mwaka 2004 inakataza mjamzito kufanyishwa kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Inampa pia mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Haki hizo hazikomi kwenye geti la ofisi. Taasisi inayomtuma mama anayenyonyesha ichague mojawapo: iahirishe safari, au igharimie msaidizi na mtoto wasafiri naye.

Pingamizi la gharama

Litasemwa jambo moja dhidi ya yote haya, nalo ni fedha. Kampuni ndogo yenye gari moja haina uwezo wa madereva wawili, na halmashauri ina bajeti iliyopitishwa mwaka uliopita. Pingamizi hili ni la kweli na linastahili jibu la kweli. Vifungu vingine vitaongeza matumizi: usiku mmoja zaidi, dereva wa ziada kwa safari ndefu, chumba cha timu za rufaa. Lakini vingi havigharimu chochote. Kufunga mkanda, kuanza kikao mapema, kubandika orodha ya zamu, kuandika cheti kisichotaja ugonjwa na kumruhusu dereva kusema kwamba amechoka hakuhitaji fungu la bajeti. Kunahitaji saini ya mkuu.

Taasisi ambayo haijaanza ianze na kikao kimoja. Wakae mhasibu, afisa utumishi, dereva, mhudumu wa afya, na mfanyakazi mmoja anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu aliyekubali kwa hiari yake kushiriki. Waulizane jinsi safari tano za mwisho zilivyokwenda: nani aliondoka saa ngapi, nani alirudi saa ngapi, nani alikosa kliniki yake. Majibu yatakuwa rasimu ya kwanza ya sera. Jedwali la posho libaki, kwa kuwa nalo ni haki ya mfanyakazi. Lisogezwe tu hadi kurasa za mwisho, na ukurasa wa kwanza ueleze ni saa ngapi dereva anaacha usukani.